Nguruwe wa Baba wa Msalaba

Sehemu ya saba

Wiki nzima nyie mmekula, mmelala, na wengine mmeoga. Lori la zege liko palepale tulipoliacha, getini kwa Landy, pipa linazunguka, dereva anatafuna mbegu za maboga na kutemea maganda dirishani.

Na mafundi wanane wamekaa chini.

Kwa aliyekuja leo, asikilize haraka maana zege halisubiri. Landy Cauich, miaka thelathini na mmoja, alinunua gofu la nyumba mtaani Santiago, hapahapa mjini Mérida, ili alikarabati na kuliuza. Mnunuzi ameshampata: daktari wa meno, Ermilo Peniche, anayetaka kumhamishia mama yake. Daktari analipa kwa vipande. Kipande cha kwanza alishatoa na kilishaliwa na kuta. Cha pili, peso laki nne, anatoa kesho Jumamosi akiliona paa limefungwa. Na Jumatatu Landy anatakiwa kupeleka laki tatu na nusu kwenye chama cha mikopo. Asipopeleka, wanachukua nyumba ya mama yake, Mama Addy, ambaye aliiweka rehani bila kuuliza hata riba ni ngapi. Aliuliza tu kama wino wa kalamu yao hautoki kwenye nguo.

Kwa hiyo: hakuna paa leo, hakuna hundi kesho, hakuna nyumba ya mama Jumatatu. Mmeshajua yote. Twende.

"Mzee Wilberth," Landy alisema, "hilo zege linaganda."

"Zege ni lako, bosi," alijibu Mzee Wilberth Uc, fundi mkuu, huku akivua kofia na kuiweka gotini kama mtu aliyefika kwa daktari. "Hasira ndiyo yetu."

Dereva alitoa kichwa. "Dada, nina saa moja na robo. Baada ya hapo mtanisaidia kulitoa kwa nyundo."

"Hata pesa yangu umeshachukua!"

"Ndiyo maana nina subira."

Landy akawageukia mafundi. "Jamani nimekosa nini? Nimewaambia kesho kila mtu anapata mia mbili juu ya malipo yake ya wiki. Mia mbili! Na soda!"

"Soda gani?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya mchanga.

"Ya machungwa."

Wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa polepole, kama amesikia msiba.

Mzee Wilberth akakohoa. "Binti yangu, nimejenga miaka arobaini. Nimejengea mabahili, nimejengea wezi, nimejengea bwana mmoja aliyekuwa vyote viwili na alikuwa anatulipa kwa mayai. Wote hao, tarehe tatu mwezi wa tano, Siku ya Msalaba kama kesho, sikukuu ya sisi mafundi, walitulisha. Nguruwe wa kufukia, fataki, bia baridi, na msalaba wa maua juu ya paa. Wewe unatupa soda."

"Ni hesabu tu, Mzee. Sina pesa."

"Sikukuomba pesa. Nimekuomba jina. Nani baba wa msalaba wetu? Nani anauvika maua, nani analeta nguruwe? Nipe jina, napanda ngazi sasa hivi. Bila baba, ule ni mbao mbili na msumari."

Landy akaingia ndani, akafungua kabati ambalo ndani ya mlango wake alikuwa amebandika bahasha nne. Hii ndiyo ilikuwa siasa yake ya fedha, na aliitungia sheria kali. Bahasha ya MAFUNDI: elfu ishirini na moja na mia sita, malipo ya kesho, haikopeki hata kwa machozi. Bahasha ya VIFAA: ilikuwa imeliwa na lori lile lile linalozunguka nje. Bahasha ya DHARURA: peso mia saba arobaini na kifungo cha shati. Bahasha ya USIGUSE: ilikuwa imeguswa.

Nguruwe mmoja na vikorokoro vyake ni elfu kumi na moja. Akiitoa kwenye ya mafundi, kesho saa sita mchana analipa nusu ya watu na nusu nyingine inamlipa yeye kwa matusi.

Akapiga simu kwa mjomba wake mwenye duka la viatu.

"Mjomba, shikamoo. Nakuomba uwe baba wa msalaba."

"Ningependa sana, mwanangu. Lakini kesho niko msibani."

"Pole. Kafa nani?"

"Bado hatujajua."

Simu ikakatika. Nje dereva akapaza sauti: "Imebaki saa moja kamili!"

Hapo ndipo pikipiki iliponguruma getini, na harufu ya marashi ikaingia kabla ya mwenyewe.

Mnamkumbuka Gaspar Tzab, fundi bomba? Shati limefunguliwa vifungo vitatu, jino la dhahabu mbele, na tabia ya kukushika bega akiwa anataka kitu. Wiki ya Pasaka alimaliza kulaza bomba la maji machafu kutoka choo kipya cha nyuma mpaka shimo la maji taka mwisho wa kiwanja, mita ishirini na mbili, akalipwa chake chote, peso elfu thelathini na nane. Leo alikuja kuchukua ngazi yake tu.

"Mbona mmekaa kama mnapigwa picha?" akauliza.

Wakamweleza. Akasikiliza, akatazama lori, akatazama paa. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini:

"Na kesho huyo daktari wa meno anakuja? Yule anayejenga kliniki mpya yenye masinki kumi na mawili?"

"Anakuja na mama yake," Landy alisema.

Gaspar akafunga kifungo kimoja cha shati. Kwake hiyo ilikuwa kama kuvaa suti.

"Baba wa msalaba ni mimi!" akatangaza. "Nguruwe wangu, bia zangu, fataki zangu! Nani kasema Gaspar ni mchoyo?"

Hakuna aliyewahi kusema, lakini wote wakaruka kama wamekanushwa. Kofia zilirushwa juu. Mzee Wilberth alisimama, akavaa yake taratibu, akamshika Gaspar mkono, kisha akauchukua wa Landy akaiweka pamoja.

"Mbele ya hawa vijana: kuanzia leo mwenye nyumba na baba wa msalaba ni ndugu. Hawashtakiani, hawatukanani hadharani. Mnakubali?"

"Nakubali!" Gaspar.

"Nakubali," Landy, ambaye wakati huo angekubali kuolewa na lori.

"Haya, juu!"

Wasomaji, kama hamjawahi kuona wanaume wanane wenye ahadi ya nguruwe wakimwaga paa, poleni. Ndoo zilipanda kama zina mabawa. Mtu mmoja alikuwa anaimba, wawili wanabishana juu ya pilipili. Dakika hamsini na tano, paa limejaa, limesawazishwa, linang'aa kama keki. Dereva akajipigia makofi mwenyewe, akaondoka.

Landy akakaa juu ya mfuko wa saruji, akacheka peke yake. Paa tayari. Nguruwe wa bure. Malipo ya kesho yako kamili kwenye bahasha.

Alipaswa kujua kwamba mambo yakienda hivyo, kuna mtu hajasema ukweli.

Gaspar alipanda pikipiki akamfuate nguruwe. Kabla ya kuwasha, akageuka.

"Shimo la kumfukia mchimbe kule mbele. Karibu na mchungwa."

"Kule ni mwamba," Mzee Wilberth akasema. "Mji huu wote ni mwamba. Tutachimba kule nyuma, pembeni mwa mtaro wako, ndiko kwenye udongo laini."

"Hapana, hapana. Kule nyuma... kuna kivuli kibaya."

"Nguruwe anakwenda chini ya ardhi, Gaspar. Kivuli atakijulia wapi?"

Gaspar akacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe, akasema fanyeni mtakavyo ila msiguse bomba, akaondoka kasi.

Saa kumi jioni Mzee Wilberth alimwita Landy nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. Alimwita kwa kidole.

Vijana wawili walikuwa wamesimama ndani ya shimo hadi kiunoni. Shimo lilipanuka kidogo kuliko walivyopanga, likala ukingo wa mtaro wa Gaspar. Na ndani ya mtaro kulikuwa na udongo. Udongo mzuri, laini, mweusi.

"Naona udongo," Landy alisema.

"Na mimi naona udongo. Wewe ulinunua udongo?"

Landy akaruka ndani na viatu vyake. Akafukua kwa mikono. Upande wa chooni, bomba jipya la plastiki lilitokea kwenye ukuta, likaja mita mbili, likaishia hapo, mdomo wazi. Wakaenda mwisho wa kiwanja, kwenye shimo la maji taka: kipande cha mita moja kimeingizwa kwa ustadi, kimesakafiwa vizuri, kinapendeza.

"Nimelipia ishirini na mbili," Landy alisema.

"Umepata tatu. Mbili huku, moja kule. Katikati ni imani."

Ndipo akakumbuka. Sheria yake mwenyewe ilikuwa: kianzio, nusu kazi, na fungu la mwisho baada ya kuiona kazi kwa macho, mtaro ukiwa wazi. Gaspar alikuja Jumatano ya Pasaka, mtaro umeshafukiwa na kumwagiwa maji vumbi lisiruke, ati kwa heshima ya sikukuu. Akamwambia, dada, macho ya nini, kuna masikio. Akavuta choo. Mara moja tu. Maji yakafanya *fwaaaa* na yakapotea. Landy alipiga makofi. Alipiga makofi, jamani, kama mtoto kwenye sarakasi, kisha akafungua bahasha na kumpa fungu la mwisho, bila karatasi, bila sahihi.

Sasa akachukua sepetu.

"Unakwenda wapi nalo?" Mzee Wilberth akauliza.

"Kumpokea ndugu yangu."

"Hebu kaa. Ukimvamia leo atasema hukumpa kitu, na huna risiti. Atageuza pikipiki, nguruwe ataondoka naye. Kesho daktari anakuja na mama yake anakuta nini? Mafundi wamenuna, mwenye nyumba na fundi bomba wanavutana nywele. Daktari wa meno anajua mdomo wenye matatizo ukiwa bado umefungwa."

Pikipiki ikasikika mbali, na juu yake mlio wa nguruwe asiyekubaliana na safari.

Landy alisimama na sepetu mkononi. Kichwani mwake mahesabu yakajipanga yenyewe: elfu thelathini na nane, toa plastiki ya mita tatu, toa siku moja ya kibarua. Akamtazama mnyama anakuja, mnene, mweupe, amefungwa utepe.

"Mzee," akasema polepole, "yule nguruwe nimemnunua mimi."

"Na fataki pia, nadhani."

"Na bia!"

"Bia tutazinywa kwa ajili yako, binti yangu, usiumie peke yako."

Landy akatupa sepetu. Macho yake yalikuwa yamebadilika, na Mzee Wilberth, ambaye ana mabinti watatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba wa msalaba huwa anaapa?"

"Anaapa nini? Analeta nguruwe, basi. Miaka arobaini sijaona anayeapa."

"Kesho utaona."

Wakafanya mambo matatu upesi. Kwanza, wakapunguza shimo, wakafukia mtaro kama ulivyokuwa, kana kwamba haujaguswa kabisa. Pili, Mzee Wilberth akaziba mdomo wa lile bomba la mita mbili kwa konzi nzima ya saruji. "Nguruwe wangu atalala nusu mita kutoka hapa," akasema. "Sitaki ladha ya ziada." Tatu, Landy akafunga mlango wa choo kipya, funguo akaitia mahali ambapo mwanaume mwenye adabu hatafuti.

Mama Addy hakuambiwa. Siri humwasha Mama Addy kama upele.

Jumamosi.

Nguruwe aliingia shimoni alfajiri, amepakwa masala mekundu na machungwa machachu, amefungwa majani ya mgomba, juu bati, juu udongo, na moshi mwembamba unatoka pembeni. Saa tano nyumba nzima ilikuwa inanukia kiasi kwamba majirani watano walikuja kuuliza saa.

Msalaba ulikuwa juu ya paa, umevikwa karatasi za rangi na maua, na Gaspar chini yake, amevaa shati jeupe lenye marinda kama bwana harusi, anasalimia watu ambao hawajamwona.

Saa sita Landy aliweka meza, akawalipa mafundi mmoja mmoja, kabla ya bia ya kwanza kufunguliwa. Hii nayo ilikuwa sheria yake, na ilikuwa sahihi: mtu akilipwa baada ya bia ya tatu, anakumbuka alipunjwa.

"Kamili?"

"Kamili, bosi."

"Wewe?"

"Kamili. Na ile mia mbili?"

"Ile mia mbili umeifukia chini ya bati pale, unainusa."

Walicheka, hata aliyeuliza.

Saa sita na nusu gari jeupe likasimama. Akashuka Daktari Ermilo Peniche, mrefu, mpole, meno ya tangazo, hundi mfuko wa kushoto. Nyuma yake akashuka mama yake, Bi Bertilia, miaka sabini na minane, mfupi kama kiti, kipepeo cha kujipepea mkononi, gauni limepigwa pasi hadi linakata.

"Hii ndiyo nyumba?" Bi Bertilia akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ndogo."

"Ina vyumba vinne, Mama."

"Nimesema ndogo, sijasema chache."

Daktari akapanda ngazi, akagonga paa kwa kisigino, akainama, akatazama kona zote, kisha akashuka anatabasamu. "Limefungwa. Safi. Mimi nimeridhika na paa. Mabomba na rangi tutaangalia siku ya funguo, kama tulivyoandikiana."

Sikieni vizuri hapo: kama walivyoandikiana. Kipande cha pili ni cha paa, na paa lilikuwa paa kweli. Landy hakumdanganya mtu. Alihitaji tu kwamba kabla ya siku ya funguo, mita kumi na tisa za bomba zitokee ardhini kwa gharama ya mtu mwingine. Na mtu mwenyewe alikuwa pale, anachana nywele.

Akagonga chupa kwa uma.

"Ndugu zangu! Kabla hatujafukua nyama, baba wa msalaba wetu ataapa mbele ya msalaba, kama desturi ilivyo."

"Desturi gani?" Gaspar akanong'ona.

"Ya zamani sana," Mzee Wilberth akasema kwa uso mkavu, na vijana saba wakaitikia, "Sana!"

Landy akamkabidhi karatasi. Gaspar akamwona daktari anamtazama, akayaona masinki kumi na mawili yanang'aa machoni pake, akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa na kusoma kwa sauti ya redio:

"Mimi, Gaspar Tzab, baba wa msalaba huu, nimepokea kwa dada yangu Landy peso elfu thelathini na nane..." Akasita. "...zote. Na naapa kwamba bomba langu limelala chini ya nyumba hii... mita ishirini na mbili..."

"Sauti!" mafundi wakapiga kelele.

"...ishirini na mbili, bila kukatika. Na likipungua hata nusu mita, nitalichimba na kulilaza upya... kwa mikono yangu..."

"Endelea, ndugu yangu," Landy alisema kwa upole wa kutisha.

"...na kwa pesa yangu, kabla mwezi huu haujaisha."

Jasho lilikuwa limeshayalainisha marinda. Akatazama shimo la nguruwe. Akamtazama Landy. Landy alikuwa anatabasamu. Akamtazama Mzee Wilberth. Anatabasamu. Akaelewa. Watu wote wanamtazama, msalaba uko juu ya kichwa chake, na huwezi kumtukana ndugu yako hadharani.

"Sahihi hapa," Landy akasema. "Daktari, unaweza kuwa shahidi?"

"Kwa furaha! Desturi nzuri sana hii," Daktari akasema, akatoa kalamu. "Kijana, njoo uniletee bei ya kliniki yangu. Mtu anayeapia bomba!"

Gaspar akatia sahihi. Daktari akatia yake. Fataki ikapaa ikapasuka juu ya Santiago, mbwa wakalia, Landy akaikunja karatasi mara nne na kuitia mahali palepale penye funguo.

Na kalamu ikiwa bado wazi, Daktari akatoa kitabu cha hundi, akakilaza mezani kati ya pilipili na mikate ya mahindi.

"Sasa letu," akasema. Akaandika tarehe. Akaandika jina: Landy Cauich. Akaandika: laki nne.

Landy akatazama pembeni ili asionekane anatazama. Kipepeo kilikuwa juu ya kiti. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mama," akamwuliza Mama Addy, aliyekuwa anagawa sahani, "Bi Bertilia yuko wapi?"

"Amekwenda kujisaidia."

"Choo cha wapi?"

"Hicho kipya. Uliacha umekifunga, sijui una akili gani. Nimekifungua kwa funguo ya kabati langu. Vitasa vya siku hizi vinafunguana vyote."

"Mama!"

"Mama nini? Mgeni anafungiwa choo? Nimekulea wapi mimi, porini?"

Na hapo, kutoka nyuma ya ukuta, wote watatu wakausikia mlio. Landy, Mzee Wilberth, na Gaspar. Kitu kilivutwa. *Fwaaaa.*

Vichwa vitatu vikageukia shimo la nguruwe kwa pamoja. Gaspar aliruka, akalala kifudifudi juu ya udongo, sikio chini, marinda na yote.

"Anafanya nini?" Daktari akauliza, kalamu hewani.

"Anasikiliza kama nyama imeiva," Mzee Wilberth akasema.

Sekunde moja. Tatu. Kumi. Moshi ukaendelea kutoka, mwembamba, mkavu, mtamu. Hakuna tone. Gaspar akainua dole gumba, udongo shavuni. Landy akavuta pumzi ambayo alikuwa ameikopa tangu jana.

Daktari akacheka, akarudi kwenye hundi. Akaanza kutia sahihi. *Ermilo P...*

Nguruwe amepona. Saruji ya Mzee Wilberth imeshika barabara, konzi nzima, tangu jana jioni, ngumu kama jiwe. Maji hayakupita.

Hayakupita.

Landy akamtazama Mzee Wilberth. Mzee Wilberth akamtazama Landy. Wazo lilifika kwao pamoja, na lilifika limechelewa: kama maji hayakwenda mbele...

Yowe lililotoka chooni lilizima hata mbwa.

Mlango ukafunguka. Bi Bertilia akatoka amelowa hadi magotini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kinatiririka. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Akatembea, *chwa, chwa, chwa*, akapita katikati ya mafundi, akasimama kwenye ukingo wa shimo. Akamtazama Gaspar aliyelala. Akatazama mtaro. Akachomeka ncha ya kiatu kwenye ule udongo laini, akakizungusha, akakitoa, akakitazama kama daktari anavyotazama kijiti cha kupimia homa.

Kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyewahi kumiliki nyumba nyingi na kuibiwa na mafundi bomba wengi.

"Ermilo," akasema bila kugeuka, "funga hiyo kalamu."

"Mama, nimebakiza herufi sita tu."

"Funga, nimesema." Akamwelekezea Landy kiatu. "Wewe binti, njoo huku ndani, mimi na wewe tu. Na hiyo hundi uje nayo."